Maksai Aliyeletwa Kupimwa kwa Niaba ya Mzee Ndahani

Wanangu mnaoanza kazi mwaka huu, nimesikia chuoni mnafundishwa kumuuliza mgonjwa, "Nini kinakusumbua?" Swali zuri. Muulizeni mwenye malaria, muulizeni aliyevunjika mkono. Lakini anayetoka damu njia ya haja kubwa, ukimuuliza hivyo, atakutajia kiungo chochote alichopewa na Mungu isipokuwa hicho. Atasema goti. Atasema sikio. Nimewahi kumpokea bwana mmoja, mtu mzima na tai yake, akaniambia anasumbuliwa na nyusi.

Mimi nilisomea utabibu, nikakaa chumba cha wagonjwa wa nje hapa Dodoma mpaka nikastaafu, na kwa kuwa ni mwanamke, miaka yote hiyo niliitwa sista. Nilizoea. Nanyi mtakaoitwa hivyo mzoee, maana mgonjwa hakuja kusahihishwa. Kituo chenyewe sikitaji jina. Kilikuwa na benchi refu la saruji barazani, na hapo walikaa makarani wa wizara wenye vitambulisho shingoni, wanafunzi wa vyuo, wafanyakazi wa Bunge wenye haraka zao, na wakulima waliotoka nyumbani kabla jogoo hajawika. Wakiumwa mafua, kila mmoja aliumwa kivyake. Wakitoka damu kule nyuma, wote walikuwa na tabia moja: waliangalia dari.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Hamisi, Mrangi wa Kondoa, tabibu mkongwe, mpole mpaka umguse kiti chake. Alikuwa na kiti kimoja tu cha mgonjwa, cha mbao ngumu, na alikataa katakata kibadilishwe. Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, alipotuletea kiti kipya chenye sponji, Mzee Hamisi alikibeba mwenyewe akampelekea mlinzi getini. "Kile cha mbao ni kipimo," akaniambia. Mgonjwa akiingia, yeye alimkaribisha kukaa, kisha akajifanya anatafuta kalamu. Anayeumwa sikio kweli alikaa tu kama watu wanavyokaa. Mwingine alishusha tako moja na kuliacha la pili likining'inia hewani. Na kuna yule aliyesema, "Nimekaa sana kwenye basi, acha nisimame." Huyo hakuandikiwa dawa ya sikio hata angelia.

Baada ya hapo Mzee Hamisi hakukurupuka. Alianza na mvua, akauliza uwele umeotaje, akaja kwenye chakula, maji anakunywa kiasi gani, na kwa sauti ile ile ya uwele akauliza, "Na choo kikoje?" Kikoje, wanangu. Siyo "una tatizo la choo?" Ukiuliza una tatizo, jibu ni hapana, limeshaandaliwa tangu nyumbani. Ukiuliza kikoje, mtu lazima akieleze, na akishaanza kueleza choo chake hanyamazi. Nimesikia maelezo ambayo hata waandishi wa habari hawayawezi.

Siku moja tabibu kijana, aliyekuja kwetu na cheti kizuri kuliko changu, alimwandikia mwanafunzi dawa ya bawasiri bila kumpima. Mzee Hamisi alimfuata mgonjwa mpaka dirisha la dawa, akamrudisha.

"Umemwangalia?" akamuuliza kijana.

"Ameniambia mwenyewe ni bawasiri, mzee."

"Na yeye kaambiwa na nani?"

Mwanafunzi akainua simu yake kwa aibu. "Dokta, nilisachi tu. Ilikuwa ka-ishu kadogo."

"Basi simu ivae glovu impime," Mzee Hamisi akasema, na siku nzima hakuongea tena na yeyote kati yao.

Alikuwa na haki ya kununa. Damu ile mara nyingi ni bawasiri kweli, au ni mchaniko tu wa mtu anayekula ugali mkavu na kunywa maji kwa mwaka mara moja. Lakini inaweza kuwa amiba, inaweza kuwa kidonda, na inaweza kuwa saratani ya utumbo mpana, na zote zinatoka nyekundu. Choo kikiwa cheusi kama lami, hiyo ni damu inayotoka juu zaidi, tumboni, usimrudishe mtu nyumbani. Akiwa amekonda, au choo kimebadilika mwendo bila sababu, au umri umekwenda, usimpe pole na tyubu ya dawa, mpeleke kwenye kipimo cha kamera. Na wote, wakubwa kwa wadogo, vaa glovu, paka mafuta, angalia. Macho hayajawahi kuua mgonjwa.

Ila uliza kwanza amekula nini. Alikuja mwanamke mmoja wa ofisi za Bunge, ameshikwa huku na huku na wenzake wawili, analia, ameshawapigia simu ndugu zake Mbeya kuwaaga. Nikauliza choo kikoje, akasema chekundu, chekundu kabisa, bakuli zima. Nikauliza amekula nini. Kumbe aliambiwa ana upungufu wa damu, akashauriwa juisi ya bitiruti, naye kwa bidii ya kikazi akawa anakunywa jagi asubuhi na jagi jioni. Alikuwa amepata kiwewe cha kuona damu yote aliyoinunua inamtoka. Wenzake walimwachia mikono palepale, tena kwa hasira.

Sasa niwaambie ya Mzee Ndahani wa Mlali, kule Kongwa. Mwenyewe ameniruhusu. Kwa kweli ameniamuru.

Alikuja mara ya kwanza na mkwe wake, Sospeter, aliyemwoa binti yake mkubwa. Mzee mrefu, mkavu, shuka begani, fimbo mkononi. Sospeter alikuwa mnunuzi wa alizeti mwenye pikipiki, na katika ukoo mzima ni yeye tu aliyekuwa na usafiri. Hapo ndipo palipokuwa na balaa. Kwa Wagogo wa makamo ya Mzee Ndahani, baba mkwe na mkwe wanaheshimiana mpaka unawaonea huruma. Hawali sahani moja, hawatazamani usoni, na yaliyo chini ya kiuno hayatajwi mbele yao hata kwa mafumbo. Na mzee huyu ili afike kwa daktari ilibidi apande pikipiki nyuma ya mtu huyo huyo, amshike kiuno.

"Mbukwenyi," nikawasalimia Kigogo, wakaitikia. Sospeter akaongeza shikamoo. Nikamkaribisha mzee akae.

"Nimekaa pikipiki," akasema. "Inatosha."

Nikaweka kalamu chini. Nikamwomba Sospeter atupishe kidogo, lakini mzee akagonga fimbo sakafuni. "Kwa nini atoke? Mimi sina siri. Mimi si mgonjwa."

"Mgonjwa ni nani, mzee?"

"Maksai."

Nikamtazama Sospeter. Yeye alikuwa anatazama viatu vyake.

"Maksai wangu anatoka damu," mzee akaendelea. "Kwenye mavi. Tangu kabla ya mavuno."

"Mzee wangu, hapa tunatibu watu."

"Najua. Lakini nyinyi mmesoma sana."

"Daktari," Sospeter akasema taratibu, bado anatazama viatu vyake, "maksai huyu ni wa maana sana pale nyumbani. Tunamtegemea sote."

Nilijaribu kumzungusha mzee kwa mvua, kwa uwele, kwa maji. Kila nilipofika kwenye choo, alinipa choo cha maksai. Nikauliza kama maksai amekonda, akavuta shuka lake likamfunika vizuri, akasema kidogo. Nikamsihi arudi wiki inayofuata, yeye mwenyewe, tuzungumze zaidi. Akaahidi. Wiki ikapita, na iliyofuata, hakutokea. Nikapiga simu kwa Sospeter, akaniambia bwana mifugo alikuwa ameitwa, amempima maksai mbele na nyuma kwa ile glovu yake ya mpaka begani, amemnywesha dawa ya minyoo, na maksai sasa ana afya njema na chuki kubwa.

"Na mzee anasemaje?"

"Mzee anasema bado anatoka damu." Sospeter akashusha sauti. "Tena imezidi, daktari."

Nilikata simu nikiwa na hofu. Najua sura ya mtu anayekonda, na ile ya mzee nilikuwa nimeiona.

Ikawa asubuhi moja, benchi limejaa, na mganga mfawidhi ametoka kupanda maua mapya kwa ajili ya wageni wa wizara, mara fuso likarudi kinyumenyume getini. Mlinzi akapiga filimbi. Likafunguliwa nyuma, ubao ukawekwa, akashuka Mzee Ndahani na fimbo yake, kisha akashuka maksai, mwekundu, mnene, pembe kama usukani wa baiskeli. Nyuma yao Sospeter ameshika kamba.

Mlinzi, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, akauliza kama mgonjwa ana bima.

"Hana," Sospeter akajibu. "Atalipia taslimu."

Karani mmoja kutoka benchini akalalamika kwamba yeye amewahi kuliko ng'ombe. Mama mwingine akasema ng'ombe ametoka mbali, apewe nafasi. Wakaanza kubishana kwa heshima zote, na wakati wanabishana maksai akala maua ya mganga mfawidhi, yote, kwa mpangilio, kuanzia mwanzo wa mstari. Kisha akanyanyua mkia.

Sijawahi kuona benchi likiinama hivyo. Watu waliokuja na vifua, na macho, na shinikizo la damu, wote walinyoosha shingo. Maksai akafanya haja yake pale mbele ya ubao wa matangazo, na ilikuwa safi, ya kijani, laini, isiyo na hata tone la kitu chochote. Mtu mmoja akapiga makofi.

"Mzee," karani akasema, "huyu mbona mzima?"

Mzee Ndahani akaitazama ile haja kwa muda mrefu. "Leo amejizuia," akasema.

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niliona mzee anataka kugeuka apande fuso, na akipanda sitamwona tena. Nikakumbuka kitu kimoja ambacho hakimo kwenye vitabu vyenu. Mimi ni Mnyamwezi, na yeye ni Mgogo. Sisi ni watani.

"Wewe Mgogo!" nikapaza sauti. "Babu zako waliwatoza babu zangu ushuru wa kupita Ugogo, wamebeba mizigo yao kwenda pwani. Leo ndiyo umeleta ng'ombe wa kulipa?"

Mzee akageuka. Na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

"Mnyamwezi," akasema, "kazi yako si kubeba? Mbebe basi huyo, mpeleke ndani."

"Nakubeba wewe. Maksai atabaki na mkwe wako."

Akaingia. Nikafunga mlango. Sikumkaribisha kukaa, na wala sikumwambia kwamba najua. Nikachukua glovu nikaendelea na maksai wetu. Nikauliza maksai anaumwa akienda haja, akasema haumwi, ndiyo maana alidharau. Nikauliza anakwenda vizuri, akasema anakwenda mara nyingi na kila akimaliza anahisi hajamaliza. Nikauliza mkanda wa maksai umetobolewa matundu mapya mangapi. Akagusa kiuno chake.

"Sasa mwambie maksai apande kitandani," nikasema.

Alitazama mlango. "Wewe ni mwanamke."

"Yuko tabibu mwanamume chumba cha pili. Nimwite?"

"Yule ni mtoto wa shangazi yangu. Usimwite!" Akaegemeza fimbo ukutani. "Bora wewe. Wewe Mnyamwezi, si mtu."

Nilimpima. Kidole changu kikagusa uvimbe, mdogo, mgumu, na nilipotoa glovu ilikuwa na damu. Utani wote ukanitoka mwilini. Nilimpenda yule mzee kufikia hapo, na niliogopa. Nikamweleza wazi, pasipo maksai: kwamba sijui bado ni nini, kwamba inaweza kuwa saratani, kwamba lazima aende hospitali kubwa akaingizwe mrija wenye kamera na kukatwa kinyama kipimwe, na akienda sasa huenda kuna la kufanya. Akivuta mpaka mavuno mengine, sitamdanganya.

Akafunga shuka lake polepole. "Nani atanipeleka?"

"Sospeter."

"Atauliza nakwenda kutibiwa nini. Hapana. Afadhali nife na heshima yangu."

Hapo wanangu nilitumia silaha ambayo nawakataza kuitumia kama si watani, tena watani wa kweli. Mnajua mtani msibani ana ruhusa gani. "Kufa basi," nikamwambia. "Lakini ukifa mimi nitakuja Mlali. Nitaingia kaburini kabla yako nilale humo, wasikuzike mpaka nimelipwa. Halafu nitatoka niwaigize wafiwa jinsi marehemu alivyokuwa anakaa. Tako moja. Mbele ya wakwe zako wote, na wanakwaya, na mchungaji. Nitawaeleza marehemu alikuwa anatoka damu wapi, na kwamba dawa ilikuwepo."

Mzee Ndahani alinitazama kama mtu anayepima uzito wa gunia.

"Utaigiza?"

"Nitaigiza vizuri. Mazoezi nimeshayaanza."

Aliitazama ile glovu yenye damu. Kisha akachukua fimbo, akafungua mlango mwenyewe, akatoka barazani. Sospeter alikuwa amesimama na kamba, ameinamisha kichwa kama ilivyo desturi yao. Mzee akasimama mbele yake, naye akatazama pembeni, upande wa geti.

"Mkwe," akasema. "Si maksai. Ni mimi."

Sospeter hakuinua uso. "Ndiyo, baba," akasema. "Dereva nimeshaongea naye tangu jana. Hospitali anaijua."

Nikiwa namwandikia rufaa, Sospeter akaniambia kwa sauti ya chini, huku akimtazama mzee asije akasikia. Alikuwa amejua zamani, tangu siku alipoosha kiti cha pikipiki baada ya kumshusha. "Ningesemaje, daktari? Mimi ni mkwe. Hata kumwambia anatakiwa hospitali ni matusi. Mzee hakubali kutoka nyumbani kwa ajili yake mwenyewe, ila kwa ajili ya ng'ombe hata Dar anakwenda. Ndiyo nikakodi gari." Machozi yalikuwa yamemlenga. Alikuwa amemlipa bwana mifugo ampime ng'ombe mzima, akamsafirisha ng'ombe mzima kutoka Kongwa, akamsimamisha mbele ya baraza zima achekwe, kwa sababu tu hakuwa na ruhusa ya kutamka neno moja.

Waliondoka vile vile, na maksai nyuma, maana hapakuwa na muda wa kumrudisha. Mchana nikapigiwa simu na sauti kali ya hospitali ikiniuliza kama ni mimi niliyeandikia rufaa ng'ombe.

Ilikuwa saratani. Walimkata uvimbe na kipande cha utumbo, akatibiwa, akarudi Mlali. Anakula ugali na mlenda, na ananung'unika kwamba Sospeter anaendesha pikipiki kwa fujo, kitu ambacho zamani asingethubutu kukisema. Akikaa, anakaa kote. Alipopona alifanya jambo ambalo sikumtuma. Alikwenda mnadani, akasimama kwenye ng'ombe ambako wazee wenzake husimama, akawaeleza yote, na mkwe wake yuko hapo hapo. Waliokuwepo waliniambia kwanza wazee walimwonea aibu, wakamhama. Halafu mmoja akamrudia pembeni, akamuuliza daktari mwenyewe yuko wapi.

Wakaanza kuja. Wazee wa makamo yake, na shuka zao, na fimbo zao. Mmoja alikuwa amechelewa, na nilimlilia. Wengi walikuwa na bawasiri tu, wakarudi na dawa na amri ya kunywa maji. Lakini nitawaambia yule wa kwanza, kwa sababu ya benchi. Aliingia getini saa ya watu wengi, akasimama katikati ya baraza, amefuatana na kijana aliyeinamisha kichwa, na akasema kwa sauti ya mtu anayeita mifugo:

"Sista! Natoka damu haja kubwa! Huyu ni mkwe wangu, na yeye anajua!"

Benchi zima likaangalia dari. Kisha kule mwisho wa benchi akasimama bwana mmoja wa suti, mwenye kitambulisho shingoni, ambaye nilikuwa nimemwona asubuhi ile na kumwandikia dawa ya macho.

"Na mimi, sista," akasema. "Siyo macho."